Nimefua mabegi ya kulalia ya manyoya ya bata, yamekuwa mabonge na yananuka. Kaka anashuka mlimani Alhamisi, nisaidieni

Binti_Pasua (mleta uzi) | Juni 2, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Kama uzi huu si wa jukwaa hili, wasimamizi mtauhamisha.

Mimi na kaka yangu tuna kibanda cha kukodisha vifaa vya mlimani hapa Moshi. Mwezi wa nne kuna watu walikuwa wanafunga biashara wakatuuzia mabegi ya kulalia 7, ya manyoya kwelikweli. Lebo imeandikwa manyoya ya bata, 650, na uzito wa begi zima gramu 1,350. Yalikuwa na jasho la misimu kadhaa, shingoni yanang'aa kama kola ya kondakta.

Jumamosi nikajitia ushujaa. Beseni kubwa, maji ya bomba, sabuni ya unga vikombe 2, nikaloweka mabegi 2 usiku kucha. Asubuhi nikafikicha kama ninavyofikicha jinzi, nikasuuza mara 1, kisha mimi nikashika huku na mdogo wangu kule tukakamua. Tukatundika kwenye kamba. Tulipolinyanyua la pili nikasikia ndani kitu kinaachia, trrr, kama mshono wa suruali.

Leo siku ya tatu, Moshi mawingu tu. Ukishika sehemu ya juu ni nailoni mbili tupu, mwanga unapita. Manyoya yote yameshuka miguuni, mabonge mabonge kama ugali uliolala. Na harufu yake ni ya bata aliyenyeshewa.

Wateja wa kwanza ni tarehe 20. Nimeyaua au kuna tiba? Mengine 5 sijayagusa.

---

Kapulya | Juni 2, saa 3:52 usiku

Nimevuta kiti. Namsubiri kaka ashuke.

---

Mgumu_Mstaafu | Juni 2, saa 4:10 usiku

Dada, kabla hujasoma mengine, nenda kayaanue sasa hivi. Begi la manyoya likilowa halitundikwi. Yakinywa maji huwa mazito, yanavuta kwenda chini na kukata vile vitambaa vya ndani vinavyogawa vyumba. Hiyo trrr uliyoisikia ndiyo hiyo.

Yalaze chali juu ya kitu kinachopitisha hewa. Usilibebe kwa kushika ncha, pitisha mikono yote miwili chini yake kama unambeba mtoto mchanga aliyelala. Kesho tutaongea, lakini hayajafa. Nimeona mabaya zaidi.

---

Binti_Pasua | Juni 2, saa 4:31 usiku

Nimeyaanua kwa tochi ya simu. Yamelala kwenye kitanda cha kamba cha bibi, barazani. Asante kaka.

---

Mwalimu_Kemia | Juni 3, saa 1:05 asubuhi

Nieleze kwa nini imekuwa hivyo, maana ukijua kwa nini hutarudia.

Manyoya haya si yale ya mbawa yenye uti. Ni yale ya kifuani na tumboni, chini kabisa, yaliyogusana na ngozi ya ndege. Hayana uti mgumu. Ni kijitovu kidogo chenye nyuzi zinazotawanyika pande zote. Vile vinywele laini vya mkononi Waswahili tunaviita malaika, na mimi ningeyaita haya malaika wa bata kama ningeruhusiwa.

Yenyewe hayatoi joto. Joto ni lako wewe uliyelala. Kazi ya manyoya ni kuishika hewa isitembee, na hiyo hewa iliyotulia ndiyo blanketi. Namba 650 kwenye lebo inapima hilo: ni inchi za ujazo kwa aunsi 1. Kwa kipimo cha nyumbani kwetu, gramu 28 tu za manyoya hayo zikiachwa zijitanue zinajaza ndoo ya lita 10 na kubaki. Yakilowa nyuzi zinagandana na ndoo ile inakuwa kijiko. Ndiyo maana unaona mwanga unapita.

Sabuni ya unga imekukosea mara mbili. Kwanza inaondoa mafuta ya asili ya manyoya, na yakikosa mafuta yanakakamaa na kukatika. Pili, hukuisuuza ikaisha. Sabuni iliyobaki ndani inashika maji na kuyafanya manyoya yanatanate. Kwa hiyo hata jua lingewaka, mabegi hayo yasingejitanua vizuri.

Harufu isikutishe bado. Manyoya mabichi lazima yanuke ndege. Likikauka kabisa na bado linanuka, hapo ndipo pana uvundo.

---

Sintetiki_Daima | Juni 3, saa 2:20 asubuhi

Mnamtesa dada wa watu. Uza hayo manyoya kwa mtu asiyejua, nunua ya sintetiki, yale ya nyuzi za kiwandani, fua kwa sabuni yoyote, tundika popote, siku 1 limekauka. Sisi tunakodisha hayo tu na hatujawahi kufungua uzi wa kulia.

---

Mgumu_Mstaafu | Juni 3, saa 2:47 asubuhi

Kumuuzia mtu asiyejua ndiyo biashara iliyotuletea sifa mbaya mlimani, mkuu. Tuliache hilo.

Hilo la kukauka una haki. Msimu wa masika njia ya Machame, kila kitu kimelowa tangu siku ya kwanza msituni, hata mimi naomba sintetiki, maana ikilowa bado inakupa joto kidogo. Lakini usisahau nani anabeba. Mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, unapimwa getini, mwisho kilo 20. Sintetiki ya joto lilelile inazidi uzito na inajaza mfuko. Na pale kambi ya Barafu, mita zaidi ya 4,600, saa 5 usiku mnajiandaa kwenda kileleni na nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri, mgeni aliyelala kwenye manyoya makavu unamjua kwa sura.

Na aliyelala kwenye manyoya yenye unyevu unamjua pia. Nilishakuwa na mama mmoja mtu mzima, slipingi yake ya kukodi. Mchana kule chini ilionekana nzima kabisa. Usiku wa tatu, kambi ya Barranco, akaniita. Naingiza mkono, kifuani pametupu, bonge lote liko ubavuni, bichi. Waliofua waliikunja haijakauka ndani. Nikampa ya kwangu, mimi nikalala na jaketi mbili kwenye hema la chakula, kati ya masufuria. Sikulala, nilikuwa nahesabu masufuria.

---

Mbeba_Maboksi | Juni 3, saa 10:15 jioni

Salamu kutoka Minneapolis, Marekani. Huku koti la manyoya si la mlimani, ni la kwendea dukani, kwa hiyo kufua tumejifunza kwa lazima.

Naenda kwenye zile nyumba za mashine za sarafu. Mashine ni ile ya mlango wa mbele, kubwa. Ile ya kufungulia juu yenye mhimili katikati usiingize, inalisokota begi na kumaliza vyumba vyote. Zipu zote nafunga, mifuko natoa vitu, begi nageuza ndani nje. Sabuni ni ile maalumu ya manyoya, ipo ya Nikwax na ya Grangers, kidogo tu. Maji ya uvuguvugu, mzunguko wa taratibu, halafu nasuuza mara 2 au 3 bila sabuni. Dawa ya kulainisha nguo marufuku, Jik marufuku.

Kazi yenyewe ni kwenye mashine ya kukaushia. Moto mdogo kabisa na mipira 3 ya tenisi ndani. Mipira inagonga mabonge yanavunjika. Kila nusu saa natoa, navunja kwa vidole yaliyobaki, narudisha. Koti saa 2 hadi 3. Begi la kulalia linaweza kula saa 4 au 5. Nenda na kitabu na sarafu za kutosha.

Someni alama za lebo. Mraba wenye duara ndani ni ruhusa ya mashine ya kukaushia, nukta 1 ni moto mdogo. Pembetatu iliyokatwa kwa alama ya X ni marufuku ya dawa ya kung'arishia.

Mwaka wa kwanza huku nilikuwa na haraka nikaweka moto mkubwa. Nailoni ikasinyaa kama mfuko wa rambo uliopitiwa na moto. Koti la mshahara wa wiki 1.

---

Kapulya | Juni 3, saa 10:22 jioni

Kwa hiyo tulimwonea bure wa Minneapolis kumwita mbeba maboksi, kumbe ni mbeba mipira.

---

Binti_Pasua | Juni 3, saa 1:18 usiku

Asanteni sana. Tatizo mashine ya kukaushia sina, na ningekuwa nayo saa 5 kwa begi 1 mara mabegi 7, LUKU ingelia mpaka Arusha isikike. Jirani ana ile mashine ya matundu mawili, tundu la kufulia na tundu la kukamulia. Nitumie hata la kukamulia?

---

Dobi_wa_Majengo | Juni 3, saa 2:02 usiku

Mwanangu, hiyo ya jirani iache kwa mashuka. Mimi nimefua nguo za watalii tangu wanangu wakiwa mgongoni, na mabegi haya nayafua kwa mkono. Tulia nikwambie.

Hayo mawili uliyokwisha kuyaharibu usiyatie sabuni tena, tayari yanayo. Jaza beseni lako kubwa maji ya uvuguvugu, yasikuchome kiwiko. Ingiza begi, likandamize kwa viganja mpaka mapovu yatoke, mwaga. Rudia. Maji yakitoka meupe bila povu ndipo umemaliza. Usishangae ukifika mara ya 6. Hakuna kufikicha wala kukamua. Ni kukandamiza tu, kama unabonyeza unga usimwagike.

Hayo matano mapya ndiyo uyatie sabuni, ya maji, laini, isiyo na dawa ya weupe. Ile maalumu ya manyoya ukiipata ni bora, wageni wengine huacha chupa zao, waulize waongozaji. Kijiko au viwili vinatosha beseni zima. Kwanza paka shingoni kwa mswaki wa zamani, halafu ndiyo uzamishe. Begi linabisha kuzama maana limejaa hewa, basi liingize likiwa limekunjwa kwenye kifuko chake, ulifungulie majini. Osha miguu yako uingie ukanyage polepole. Nusu saa inatosha. Habari ya kuloweka usiku kucha sijui nani alikufundisha.

Kulitoa ndiyo penye hatari. Mwaga maji kwanza begi likiwa ndani ya beseni, likandamize ukutani mwa beseni mpaka lichuruzike, kisha ingiza mikono chini. Lilaze juu ya taulo, lifunike na taulo jingine, bonyeza kwa magoti. Badilisha taulo. Kila tone unalolitoa hapo ni saa 1 umeokoa kwenye kuanika.

---

Njiro_Boy | Juni 3, saa 2:30 usiku

Mimi natumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, inakata mafuta ya shingoni vizuri sana. Jaketi linang'aa.

---

Mwalimu_Kemia | Juni 3, saa 2:41 usiku

Kukata mafuta ndiyo kosa lake. Imetengenezwa kuyatoa mafuta ya samaki kwenye sahani na haiulizi haya ni ya samaki au ya manyoya. Kwa kola peke yake, kwa mswaki, na ukasuuza hapohapo, sawa. Begi zima hapana.

---

Njiro_Boy | Juni 3, saa 2:44 usiku

Mbona langu ni zima mwaka wa pili huu?

---

Mwalimu_Kemia | Juni 3, saa 2:50 usiku

Linapanda wapi?

---

Njiro_Boy | Juni 3, saa 2:53 usiku

Stendi, asubuhi.

---

Nanyuki_Juu | Juni 4, saa 1:30 asubuhi

Mimi ni wa upande wa pili, Mlima Kenya, nafanya njia za Sirimon na Naro Moru. Hayo ya Mama Dobi ni kweli yote. Nyongeza yangu ni ya kuanika. Jua kali la moja kwa moja siku nzima si rafiki. Nailoni inachakaa, baada ya misimu michache inapasuka ukiivuta. Sisi tunaweka neti ile ya kitalu juu, jua linapita nusu na upepo wote. Na tunapindua kila baada ya saa 2, tukivunja mabonge. Ukiacha bonge lijikaushie lenyewe, nje litakauka na katikati litabaki bichi, hapo ndipo ukungu huanza.

---

Dobi_wa_Majengo | Juni 4, saa 2:15 asubuhi

Huyu wa Nanyuki anajua. Mimi natumia kichanja cha kahawa. Ule wavu unapitisha hewa juu na chini. Sasa hivi kahawa hazijaanza kuchumwa, vichanja vimelala. Lakini mwanangu usipeleke mabegi yako huko juu mgombani, Juni hii kuna ukungu na manyunyu hadi saa 6. Shusha kichanja mjini. Ukiwa na ndugu kule chini mashambani ya miwa ni bora zaidi, kuna joto na upepo.

---

Binti_Pasua | Juni 4, saa 2:40 asubuhi

Baba mdogo anavyo Kibosho. Namwomba leo.

---

Kapulya | Juni 4, saa 3:05 asubuhi

Swali la mtu asiyejua. Nguo ya kawaida ukiishika unajua imekauka. Hili begi ngozi yake nailoni, inakauka kwa dakika 10, ndani hujui. Sasa mtajuaje?

---

Mgumu_Mstaafu | Juni 4, saa 3:33 asubuhi

Leo umeuliza la maana.

Vidole vinadanganya, hasa vikiwa na baridi. Pua inasaidia kidogo. Mimi naamini mizani. Sisi maisha yetu yote ni mizani, getini unapimwa, kambini unapimwa. Chukua ile ndogo ya kuning'iniza ya kidijitali, ya mizigo ya ndege. Lebo yako inasema gramu 1,350, na hayo maji hayana pa kujificha. Likiwa gramu 1,700 ina maana maji ya chupa ndogo bado yamo ndani hata kama mkono wako unasema kavu. Unaliweka kwenye mfuko mwepesi, unaning'iniza mfuko, unatoa uzito wa mfuko. Begi lenyewe usilining'inize.

---

Mwalimu_Kemia | Juni 4, saa 3:50 asubuhi

Nakubali. Ila usigombane na gramu 20 au 30. Uchafu ulioutoa ulikuwa na uzito wake, na manyoya makavu nayo hunywa unyevu kidogo wa hewani. La muhimu ni uzito uache kushuka. Pima asubuhi na jioni uandike.

---

Binti_Pasua | Juni 5, saa 3:15 usiku

Mrejesho.

Kaka ameshuka. Amekuta kichanja cha kahawa uani, mabegi mawili juu yake, mimi nimeinama navunja mabonge kwa vidole. Akauliza, "Hii ni kahawa gani?" Nikamwonyesha uzi huu. Amesoma wote kimya, alipofika kwa masufuria akacheka, akaenda kuoga. Nimesalimika.

Nilisuuza kama Mama Dobi alivyosema. La kwanza mara 7, la pili mara 8. Maji ya kwanza yalikuwa rangi ya chai ya rangi na povu tele, kumbe sabuni yangu yote ilikuwa bado humo. Uzito baada ya kubonyeza na taulo: la kwanza 4,860, la pili 5,120. Yaani nilikuwa nimetundika kilo zaidi ya 3 za maji kwenye nyuzi za mshono.

Lile la trrr nimelipapasa vizuri. Vyumba viwili vya miguuni vimeungana, manyoya yanatembea kati yake. Kaka anasema tusilikodishe la kileleni, liwe la Mandara na Horombo, kambi za chini, na mteja aambiwe.

---

Dobi_wa_Majengo | Juni 5, saa 3:40 usiku

Kuambiwa mteja ni uungwana. Usiku yaingize ndani, umande wa usiku unarudisha ulichokausha mchana.

---

Shosti_Memorial | Juni 6, saa 4:12 asubuhi

Samahani nadandia. Mimi nimeokota jaketi la manyoya Memorial kwenye mtumba, zuri ajabu, ila kola na mikono imeshika weusi, na manyoya yanachungulia kwenye mishono. Nilikuwa nayavuta yanatoka. Nalo nilifue lote?

---

Mbeba_Maboksi | Juni 6, saa 4:55 asubuhi

Acha kuvuta! Kila unyoya unaouvuta unapanua tundu na kumwita mwenzake. Shika kitambaa kwa upande wa ndani, urudishe unyoya ndani kwa kuubana kutoka nyuma, kisha sugua tundu kwa kidole lijifunge.

Kola na mikono usifulie jaketi zima. Bana kitambaa cha juu, sukumia manyoya pembeni ili ubaki umeshika nailoni peke yake, paka sabuni kidogo kwa mswaki, futa kwa kitambaa chenye maji safi mara kadhaa. Ndani hapalowi. Kama kuna pasuo, liziba kabla maji hayajaligusa, la sivyo utakusanya manyoya beseni zima.

---

Shosti_Memorial | Juni 6, saa 5:20 asubuhi

Nimevuta kama 40 hivi jamani. Nilidhani ni uchafu.

---

Mgumu_Mstaafu | Juni 6, saa 6:30 mchana

Na wagumu wanaopitia hapa, jaketi mnazoazimwa bure pale KPAP, lile shirika la kuwasaidia wapagazi, nazo ni hivihivi. Msizianike juu ya jiko la gesi hemani. Nimeona tundu la ukubwa wa sarafu likitapika manyoya kwenye supu ya wageni.

---

Sintetiki_Daima | Juni 6, saa 6:41 mchana

Supu ya bata.

---

Binti_Pasua | Juni 9, saa 2:05 usiku

Wakuu, hesabu zangu hizi, begi la kwanza, jioni kwa jioni: 4,860. Halafu 3,140. Halafu 2,080. Halafu 1,610. Leo 1,440.

Jana mkono wangu ungeapa limekauka. Limevimba, jepesi, mdogo wangu akaingia humo akasema amelala mawinguni. Kwenye mizani likaleta 1,610. Nikalishika dhidi ya taa ya balbu kama Mama anavyopima mayai, nikapapasa chumba kimoja kimoja. Nikayapata: vijibonge kama punje za mahindi, kwenye kofia na kwenye ule ukanda wa pembeni ya zipu, mahali ambapo kitambaa ni maradufu. Kila kijibonge nimekisugua kati ya vidole mpaka kikaachia. Begi 1, saa 1 na nusu. Vidole vinauma kama nimetoka kupukuchua debe.

Kumalizia, kaka anajuana na dada wa chumba cha kufulia katika hoteli moja. Tumekubaliana tulete mabegi mchana wakati mashine ya kukaushia imepumzika, tulipie umeme. Mipira ya tenisi tumenunua 3, nimeifua kwanza isitoe rangi.

---

Mbeba_Maboksi | Juni 9, saa 2:30 usiku

Hapo umepiga hesabu nzuri. Kichanja kitoe maji mengi, mashine imalizie. Simama hapohapo, usiwaachie. Moto mdogo, na uguse zipu kila ukifungua mlango. Ikikuunguza, moto umezidi.

---

Binti_Pasua | Juni 12, saa 1:50 usiku

Nilisimama. Mashine ilikuwa imewekwa moto wa mataulo, dada akanishushia. Dakika 40 tu kwa kila begi. La kwanza limetoka 1,370, nikapima tena baada ya saa 3, 1,370. La pili 1,360. Harufu hakuna. Nimeingiza pua yote hadi miguuni.

Yale matano mapya nimefua kwa chupa ya sabuni ya manyoya ambayo kaka aliachiwa na mgeni, imetosha matatu, mawili nimetumia ile laini ya watoto.

Mama Dobi, ulilosema la kuingiza begi majini likiwa kwenye kifuko ni la ajabu. Nilikuwa nimepigana na lile la kwanza kama nazamisha boya.

---

Nanyuki_Juu | Juni 12, saa 2:25 usiku

Sasa usiharibu mwishoni. Usiyarudishe kwenye vile vifuko vidogo vikakaa humo mpaka mteja aje. Manyoya yakikaa yamebanwa yanasahau kujitanua. Yaweke kwenye mfuko mkubwa wa pamba, hata ushone mashuka ya zamani. Kifuko kidogo ni cha safari tu.

Na ununue vitambaa vya kuingiza ndani ya begi, mteja alale humo. Kitambaa unakifua kila safari kwa sabuni unayoitaka. Begi unalifua labda mara 1 kwa msimu, safari nyingine unalianika tu hewani kutwa.

---

Binti_Pasua | Juni 12, saa 2:44 usiku

Bibi ametoa kanga zake 4 kuukuu kwa ajili ya mifuko. Kwa masharti kwamba lile la kofia ya bluu halikodishwi siku akija kulala wifi yake.

---

Kapulya | Juni 17, saa 3:10 asubuhi

Mleta uzi, tarehe 20 hiyo inagonga. Tupe matokeo, wengine tumeahirisha kazi.

---

Binti_Pasua | Juni 17, saa 1:35 usiku

Sita yako tayari. Matano ya kileleni na lile la Horombo, nimelishonea uzi mwekundu kwenye kofia ili lisichanganyike.

La saba limegoma. Tangu juzi 1,430, asubuhi 1,430, jioni 1,430. Vijibonge sivioni. Kaka anasema tulipeleke, gramu 80 ni nini. Nimemuuliza yuko tayari kulala na masufuria? Kesho naliwahi hotelini saa 8, dada amesema mashine iko wazi. Leo limelala chini ya feni, nami nimekaa nalo hapa barazani, nalianza upya kutoka kofia.

---

Dobi_wa_Majengo | Juni 17, saa 1:58 usiku

Angalia mfuko wa ndani, ule mdogo wa kifuani wenye zipu. Wageni huacha vitu humo.

---

Binti_Pasua | Juni 17, saa 2:03 usiku

Soksi. Mama, soksi mbili za sufu. Mbichi.